Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: kosa la uhalifu dhidi ya ubinadamu lililohukumiwa hapa Arusha, kwenye sheria zetu halimo

Waheshimiwa, shikamooni.

Namwandikia Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wabunge wetu wa Arusha na Kilimanjaro wote bila kujali chama. Najua barua za wananchi mara nyingi zinaishia mezani kwa sekretari, basi na wewe dada kama ndio unaisoma, pole na kazi, nakuomba usiitupe, ni ndefu kidogo lakini nimejitahidi.

Mimi sio mwanasheria. Nina steshenari karibu na soko la Kilombero, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti saizi, nauza na vocha, ndio kazi inayosomesha wanangu. Sasa kuna siku akaja dogo mmoja anasoma sheria, kaja na flashi, akaniambia anko niprintie hili faili kopi mbili, kesho nina kazi ya kuwasilisha darasani. Nikaweka. Mashine yangu ya zamani, ikifika karatasi ya saba inakwama, nimeshaizoea, unafungua mlango wa nyuma unavuta taratibu isichanike. Ile navuta nikawa nasoma. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa Kiswahili changu ni rasimu ya vifungu vya kuzuia na kuadhibu uhalifu dhidi ya ubinadamu, vifungu 15 na nyongeza moja, basi. Nikamuuliza dogo, hii si ndio ile kazi ya pale AICC, jengo letu la mikutano, enzi zile? Akacheka, akasema anko ile ilikuwa mahakama ya UN ya mauaji ya Rwanda, ilipanga tu vyumba pale, kwenye sheria zetu sisi hilo kosa halimo.

Nikabisha. Watu wa rika langu hapa Arusha kila mmoja anajiona nusu wakili sababu ya ile mahakama, sasa katoto kamezaliwa juzi kanakuja kunifundisha. Akafungua simu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tukaanza kutafuta pamoja wateja wamesimama wananung'unika. Mauaji yapo, kifungu cha 196. Ubakaji upo, 130. Wizi wa ng'ombe una kifungu chake peke yake! Uhalifu dhidi ya ubinadamu tukashuka mpaka mwisho tukapanda tena, hakuna. Nikamlipisha nusu bei kwa aibu.

Waheshimiwa, naomba nirudi nyuma kidogo maana bila hiyo mtaona mtu wa fotokopi kapatwa na nini.

Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa hapa mjini. Miezi nane baadae, tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ikitokea mkutanoni Dar ikatunguliwa Kigali, na usiku huo huo kazi ya kuua ikaanza. Mama yangu mdogo alikuwa anafundisha Ngara. Mwisho wa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya kama saa 24, yani fikiria mji mzima unakuja kwa miguu kwenye daraja moja. Mama mdogo alivyorudi likizo hakuwa anasimulia sana, ila tukaona hali samaki. Tulidhani ameokoka sijui, hapana, alikuwa ameona mto Kagera ukibeba nini kwenda ziwani. Mpaka anafariki samaki wa ziwa hakumgusa tena.

Novemba mwaka huo huo Baraza la Usalama likaunda mahakama, azimio namba 955, na mwaka uliofuata wakaamua makao yawe Arusha. Mji ukachangamka, hatukatai, kodi za nyumba Njiro zikaanza kuhesabiwa kwa dola, madereva wakajifunza bonjuu. Mimi nilikuwa nauza magazeti nje ya AICC, na baada ya muda walinzi wakanizoea, nikajua kumbe mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kusikiliza, unaacha kitambulisho unapewa beji.

Siku ya kwanza niliingia na rafiki yangu, Muha wa Kasulu, alikuwa mlinzi wa duka la jirani. Tukakaa nyuma ya kioo kile kinene, tukapewa hedifoni. Ilikuwa kesi ya Butare, mkoa wa kule Rwanda, washtakiwa sita, mmoja mama mtu mzima amevaa vizuri, nywele zimetengenezwa, anaandika andika kwenye daftari kama yuko semina. Shahidi hatukumwona, alikuwa nyuma ya pazia, jina lake ni herufi tu. Mimi nikasikiliza Kiingereza nikapata nusu, mwenzangu akasikiliza sauti yenyewe ya Kinyarwanda, maana Kiha na Kinyarwanda ni ndugu. Wakili akawa anauliza umbali, kutoka pale ulipokuwa umejificha mpaka barabarani ni mita ngapi. Shahidi anakaa kimya. Anauliza tena. Swali lile lile nadhani mara nne, na kila akikaa kimya unasikia tu mtu anapumua kwenye hedifoni. Jamaa yangu akavua yake akaiweka mapajani, akabaki anaangalia pazia. Tulivyotoka nikamuuliza mama yule alisema nini pale mwisho, akaniambia hakusema kitu bana, twende. Mpaka leo hajaniambia.

Yule mama mwenye daftari ni Pauline Nyiramasuhuko, alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, narudia, waziri wa wanawake. Kesi ilianza Juni 2001 hukumu ikatoka Juni 2011, miaka kumi, na aliyekuwa anaongoza jopo la majaji ni Mtanzania mwenzetu, Jaji William Sekule. Alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Rufaa ikaja kupunguza kifungo cha maisha kuwa miaka 47, Desemba 2015, alafu mahakama ikafunga milango tarehe 31.

Na kabla yake kuna ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Watu wengi wanajua ni hukumu ya kwanza, tarehe 2 Septemba 1998, lakini ubakaji ulivyoingia kwenye ile kesi hawajui. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa nao hata kwa mstari mmoja. Shahidi mmoja akiwa anaulizwa mambo mengine kabisa akataja mwanae wa miaka sita alivyofanyiwa. Jaji Navi Pillay, ndio alikuwa mwanamke pekee kwenye lile jopo, akauliza zaidi, baadae shahidi mwingine naye akasema yake, na Juni 1997 mwendesha mashtaka akairekebisha hati. Akayesu akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ubakaji ukiwemo. Hilo lilitokea mita mia chache kutoka Mnara wa Saa. Vyuo vikuu dunia nzima vinafundisha ile hukumu, sisi wenye Arusha hatukuchukua hata kifungu kimoja tukakiweka kwenye kitabu chetu.

Nieleze kidogo hili kosa maana nimegundua hata wateja wangu wanalichanganya na mauaji ya kimbari. Kwetu Kibosho ukigombana na jirani juu ya mpaka wa kihamba, hata ikafikia damu, huo ni ugomvi wa watu wawili, kuna polisi, kuna wazee, kuna jani la sale la kuombana msamaha. Uhalifu dhidi ya ubinadamu ni kitu kingine. Ni pale linapofanyika shambulio kubwa au la mpango dhidi ya raia. Imetoka orodha, imetoka amri, limetolewa gari, limejazwa mafuta, mtu kaandika kwenye daftari nani achukuliwe. Ndani yake kuna kuua, kuna kutesa, kubaka, kutumikisha watu utumwani, kuwahamisha kwa nguvu, kuwapoteza. Sio lazima kuwe na vita. Na sio lazima walengwe kwa kabila au dini au rangi au taifa, hapo ndio inapotofautiana na kimbari, wanaweza kulengwa kwa siasa tu, kwa kuwa upande fulani. Hakuna sale linalotosha hapo.

Sasa mauaji ya kimbari yana mkataba wake tangu 1948. Makosa ya vita yana mikataba ya Geneva ya 1949. Utesaji una wake, 1984. Kupoteza watu, 2006. Huu uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotajwa kwenye mahakama ya Nuremberg tangu 1945 mpaka leo hauna mkataba wake wenyewe unaozibana nchi kusaidiana. Upo kwenye Mkataba wa Roma, sawa, lakini ule ni wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kule The Hague, na nchi nyingi hazimo. Mtoto wa kambo kabisa.

Mtasema mtu wa steshenari haya mambo ya mikataba yanamhusu nini, kosa si kosa tu. Hapana, na mfano uko Afrika hapa hapa. Hissène Habré alitawala Chad 1982 mpaka 1990, tume ya kwao wenyewe ikakadiria waliokufa ni 40,000. Alipopinduliwa akakimbilia Dakar, akakaa miaka, jirani mwema tu. Wahanga wakahangaika mpaka Ubelgiji ikaishtaki Senegal kule kule The Hague ila mahakama nyingine, Mahakama ya Haki ya Kimataifa, na Julai 2012 mahakama ikasema Senegal mshtaki au mkabidhi anayemtaka. Lakini ilisema hivyo kwa sababu moja, Senegal na Ubelgiji wote walikuwa kwenye mkataba wa kupinga utesaji. Ule upande wa uhalifu dhidi ya ubinadamu mahakama ilisema haina mamlaka nao, maana Ubelgiji ilipofungua kesi mgogoro juu ya hilo ulikuwa haujazuka, na mkataba wa kushikia haupo. Yani mlango ulifunguka kwa ufunguo wa utesaji tu. Ndio mwaka 2016 majaji wa Kiafrika, mjini Dakar, wakamhukumu maisha, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu pamoja na makosa ya vita na utesaji.

Sasa chukua Tanzania. Mkataba wa utesaji mpaka naandika hatujauridhia. Kwahiyo akija Habré mwingine akapanga nyumba Usa River au Soweto pale Moshi, hata ule ufunguo mmoja kwetu haupo.

Gambia nao walipoishtaki Myanmar 2019 kwa ajili ya Warohingya walibidi wapitie mkataba wa kimbari peke yake, wathibitishe nia ya kuangamiza kundi, mzigo mzito kweli, kwa sababu kwa hili kosa jingine hakuna pa kushika. Na nadhani ndio maana Gambia hao hao, kanchi kembamba kama utambi, wakishirikiana na Mexico ndio walibeba azimio UN. Tarehe 4 Desemba 2024 Baraza Kuu likapitisha kwamba mkataba uandikwe, mkutano wa nchi zote ukae New York 2028 na 2029, wiki tatu tatu, na kamati ya maandalizi ianze Januari 2026. Msingi wa mazungumzo ni hii hii rasimu iliyokwama kwenye mashine yangu, wataalamu wa Tume ya Sheria ya Kimataifa waliimaliza 2019.

Kwahiyo waheshimiwa muda upo na wala sio mwingi.

Najua kuna atakayesema Tanzania ni kisiwa cha amani, hao wahalifu wa kimataifa wanatuhusu nini. Wanajificha ndugu zangu, na wanajificha mahali pa amani, nani anajificha penye fujo. Félicien Kabuga alikamatwa Mei 2020 karibu na Paris, miaka 26 baadae, mzee wa watu anaishi fleti kwa jina la bandia. Fulgence Kayishema, anayetuhumiwa kwa yale ya kanisa la Nyange ambako watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamejificha, alikutwa Mei 2023 Afrika Kusini, Paarl, kwenye mashamba ya zabibu. Na unajua mashtaka yaliyompandisha kizimbani kule yalikuwa yapi? Ya udanganyifu kwenye makaratasi ya uhamiaji. Na wenzetu wale wana sheria kamili ya makosa ya kimataifa tangu 2002. Sisi tusio nayo tungemfanya nini, tungemtoza faini ya kibali tukamsindikiza Namanga? Nchi yake ikimwomba kuna sheria ya kuwarejesha watuhumiwa, sawa. Isipomwomba je? Kama serikali ya kwake ndio iliyomtuma?

Rasimu inajibu hilo kwa kifungu kimoja kizuri sana, nimekisoma mara tatu, nchi anakopatikana mtuhumiwa ama imshtaki yenyewe ama imkabidhi kwa anayeweza. Hakuna njia ya tatu ya kujifanya hujamwona.

Kuna kingine kinasema amri ya mkubwa haikuondolei kosa. Hiki naomba kibandikwe kwenye kila kituo cha polisi na kila kambi ya mgambo kabla hata hatujaridhia chochote, kwa maandishi makubwa, nitaprinti bure. Maana tunajua nchi hii kazi nyingi zinafanyika kwa nilitumwa, bosi alisema, maelekezo kutoka juu. Na kingine kinasema kosa hili halizeeki, hata ipite miaka 40 unashtakiwa.

Alafu kuna kile cha cheo. Rasimu inasema kushika wadhifa wa serikali hakumfutii mtu jinai. Nyie wanasheria mnajua Katiba yetu ibara ya 46 inavyomkinga Rais akiwa madarakani, na hata akishaondoka kwa mambo aliyoyafanya kama Rais. Na Mkataba wa Roma tuliouridhia wenyewe tarehe 20 Agosti 2002 kifungu cha 27 kinasema kinyume. Miaka zaidi ya 20 hivi vitu viwili vinaishi nyumba moja havisalimiani. Na 2014 kule Malabo wakuu wa nchi za Afrika wakaandika itifaki ya kuipa Mahakama ya Afrika, hii ya haki za binadamu iliyoko hapa Arusha, uwezo wa kushughulikia makosa haya, jambo zuri tukapiga makofi, kumbe ndani wamejiwekea kinga wao na maofisa waandamizi. Mimi sisemi kiongozi apelekwe mahakamani kila mtu akikasirika, hapana, mahakama zitajaa upuuzi. Nasema kwa kosa hili moja, lenye orodha na amri na magari, anayeweza kulipanga ni mwenye madaraka, sasa ukimtoa yeye utabaki unashtaki madereva.

Na kwa kuwa nimetaja Mahakama ya Afrika, inauma. Nchi mwenyeji ni sisi, bendera iko pale, na Novemba 2019 tukajitoa kwenye lile tamko lililoruhusu mwananchi kupeleka kesi yake moja kwa moja. Mgeni anaikuta mahakama Arusha mwenyeji anaizunguka. Hilo nalo liangalieni, sitaki kulichanganya na hili ila nimeshindwa kulipita.

Nigusie na neno ambalo mtaani tunalitamka kwa sauti ya chini, watu wasiojulikana. Limekuwa neno la kawaida kama daladala, mtoto wa shule analijua. Sisemi kila aliyepotea amepotezwa na nani, sina ushahidi, na mtu mmoja kupotea peke yake sio lazima kuwe uhalifu dhidi ya ubinadamu, nimeeleza hapo juu. Lakini rasimu ina neno kuzuia kabla ya neno kuadhibu, kifungu kizima cha kuzuia, kwamba nchi itunge sheria na iweke utaratibu wa kiutawala na kimahakama kosa lisitokee kwenye eneo lake. Kuzuia kwa mtazamo wangu kunaanzia kwenye kitabu cha mahabusu kituoni, jina la kila aliyeingia liandikwe saa hiyo hiyo na ndugu akija aonyeshwe. Kitabu cha mia mia, nauza, elfu tatu. Mwaka juzi niliwahi kuzunguka vituo viwili siku mbili kumtafuta kijana wangu wa kazi, kumbe alikamatwa kwenye msako wa bodaboda, kila nikifika naambiwa hayupo, siku ya tatu katoka kituo kile kile nilichoambiwa hayupo. Alikuwa salama, tukacheka, tukanunua soda. Lakini zile siku mbili nilipata picha ndogo ya mama ambaye siku ya tatu haiji.

Sasa naomba nini. Naomba kwanza msisubiri 2029. Tulisharidhia Roma, kwahiyo wajibu tunao tayari, Kenya walitunga sheria yao 2008, Uganda 2010, na hakuna anga lililowaangukia. Leteni muswada, kosa liingie kwenye sheria zetu kwa jina lake, mahakama zetu zipewe nguvu ya kumshtaki yeyote atakayekutwa hapa hata kama alilifanya nchi nyingine. Na mkiandika msiweke kunyonga. Nawajua, mtataka kuonekana mmekuwa wakali. Mahakama ya Arusha adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha, na Rwanda wenyewe walifuta adhabu ya kifo 2007 ndio wakaanza kukabidhiwa watuhumiwa, nchi nyingi hazimtoi mtu akanyongwe. Mkiweka kamba mtakosa watuhumiwa, mtakosa na ushahidi.

Na mashahidi. Tuna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi lakini shahidi wa kosa kama hili ni mtu wa aina nyingine. Pale AICC walipita zaidi ya 3,000, wanaletwa kwa ndege, wanafichwa majina, wanarudishwa, na bado watu walijaribu kuwanunua, Juni 2021 pale Lakilaki, kwenye chombo cha UN kilichorithi kazi za ile mahakama, ikatoka hukumu ya waliohangaika kuwarubuni mashahidi ili kesi ya Ngirabatware, aliyekuwa waziri Rwanda, igeuke. Kama UN na hela zake zote ilichezewa hivyo, sisi inabidi tujipange kweli, sio kumpa shahidi nauli ya Hiace na chai. Lile pazia nililoliona mimi lilikuwa kitambaa tu, lakini nyuma yake kulikuwa na ofisi nzima.

Pili, mkienda New York tuambieni mnakwenda kusema nini. Katiba ibara ya 63 inasema mikataba ya hivi inaridhiwa na Bunge, kwahiyo itarudi tu kwenu wabunge, bora muijue mapema kuliko kuletewa mchana mmoja mkapiga meza mkatoka. Njooni Arusha muulize. Hapa kuna wakalimani waliostaafu, kuna makarani wa ile mahakama, kuna wanafunzi kama yule dogo, kuna mawakili vijana walioanza kazi kwa kubeba mafaili ya utetezi, wanajua kilichofanya kazi na kilichokwama. Watawaambia na mengine msiyoyapenda, kwamba ile mahakama ilichukua miaka 20 na fedha nyingi mno, kwamba kati ya watu 93 walioshtakiwa 14 waliachiwa huru, na baadhi yao wakakaa Arusha miaka na miaka ndani ya nyumba hawana nchi ya kuwapokea mpaka wakapelekwa Niger Desemba 2021. Sisi watu wa mjini tulikuwa tunapita tu nje ya geti hatujui ndani kuna mtu aliyeshinda kesi na hana pa kwenda. Hilo nalo linahitaji kifungu, mtu akishinda aende wapi.

Nilitaka kuishia hapo ila nimekumbuka dogo alivyorudi kuniambia kazi yake darasani ilikwendaje. Mwenzake mmoja alimuuliza, hivi ikitokea hapa kwetu tutashtaki kwa kosa gani, akajibu mauaji, mmoja mmoja, faili kwa faili, kama ajali za barabarani. Darasa likanyamaza anasema. Nikamuuliza na mwalimu? Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari.

Nimeambatanisha rasimu yenyewe, vifungu vyote 15, nimeibana kwa pini. Ukurasa wa saba una mkunjo na mstari mweusi katikati, ni mashine yangu, samahanini, ila maneno yanasomeka.

Mimi mwenye steshenari,
Kilombero, Arusha